Daftari Kabla ya Barua: Mwongozo kwa Anayetaka Kuendesha Chama cha Watazama Ndege

Mnana wa Clarke ni ndege mdogo, mweusi mgongoni na wa manjano tumboni, asiyeishi mahali pengine popote duniani isipokuwa kaunti ya Kilifi. Wanasayansi walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1913. Ikapita miaka mia bila mtaalamu yeyote kujua anataga wapi. Viota vyake vilikuja kuonekana mwaka 2013, katika kinamasi cha msimu huko Dakatcha, ndani zaidi kutoka Malindi, na miongoni mwa waliovipata walikuwa wanachama wa kikundi cha uhifadhi cha wenyeji wa pale pale: watu wanaojua mvua ya mwaka huu imetuama wapi, na mifugo inakunywa wapi ukame ukizidi.

Habari hiyo ndiyo iliyonifanya niamini vyama vya ndege. Mtaalamu huja wiki mbili akaondoka, lakini chama hubaki. Kama unataka kuanzisha chama cha watazama ndege katika kaunti yako, au umeachiwa kilicholala na hujui ukiamshe vipi, haya ndiyo ninayoweza kukushauri. Mifano yangu mingi ni ya Kilifi na sheria ninazozitaja ni za Kenya. Ukiwa Tanga au Pemba, majina ya ofisi na ibara yatabadilika, kazi ni ile ile.

Matembezi kwanza

Wengi huanza kwa kuandika katiba, kuchagua viongozi na kuchonga muhuri. Miezi sita baadaye wamekaa vikao sita juu ya muhuri na hakuna aliyeona hata kitwitwi mmoja. Anza na matembezi. Chagua siku isiyobadilika, tuseme Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mahali ambapo matatu inafika. Kunyeshe, mfike watatu tu, nendeni. Nairobi yapo matembezi ya ndege ya kila Jumatano asubuhi yanayoanzia Makumbusho ya Taifa. Fleur Ng'weno aliyaongoza kwa miongo kadhaa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na wengi waliokuja kuwa waongoza watalii au wanasayansi wa ndege walianzia pale. Watu walijua kwamba Jumatano ikifika, matembezi yapo. Hakuna tangazo linaloshinda hilo.

Darubini ni ghali, na hapo ndipo chama hugawanyika bila mtu kukusudia. Wenye nazo hutangulia wakinong'onezana majina ya Kiingereza, wasio nazo hufuata nyuma wakitazama migongo ya wenzao. Wekeni kanuni tangu siku ya kwanza: wakati wa matembezi, darubini ni za wote. Gaweni watu watatu kwa darubini moja, na kiongozi asiondoke chini ya mti kabla mgeni hajamwona ndege yule sawasawa. Ndege kumi walioonwa kwa utulivu wanafaa kuliko sitini waliokimbizwa. Mtoto aliyemtazama chozi akifyonza ua la mgomba, akaona rangi ya kifua ikibadilika kila anapogeuka, atakuwa na ugumu wa kuinua manati siku inayofuata.

Kiongozi azungumze lugha ya watu waliopo. Vitabu vya ndege vingi tulivyo navyo ni vya Kiingereza, na mtu anaweza kudhani ndege hawa hawana majina ya kwetu. Wanayo. Waulizeni wazee, Kigiriama, Kipokomo, Kibajuni, Kiswahili cha Mvita, na kila jina liandikwe pamoja na aliyelitaja na kijiji chake. Majina kama keremkerem na kulukulu yamebeba sauti za ndege wenyewe, na mtu akishayajua hahitaji kitabu kumtambua ndege aliye ndani ya kichaka. Mengine yanataja msimu, au mti ambao ndege huyo hakosekani. Mzee akiona jina lake limeandikwa, mwezi ujao atakuja na mjukuu.

Mtakutana pia na hofu ya bundi. Msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba zipatazo 420, una bundi mdogo wa sentimita kumi na sita hivi, asiyejulikana kwingine ila huko na milima ya Usambara Mashariki upande wa Tanzania. Hukaa kwenye vichaka vizito vya mfunda juu ya udongo mwekundu, wengine wa kijivu, wengine wa rangi ya kutu. Watu hulipa nauli za ndege kutoka Ulaya kuja kumwona, na hapo hapo pembezoni mwa msitu kuna nyumba ambayo bundi akilia juu ya paa, mtu hutoka na jiwe kwa sababu ameletewa habari ya msiba. Usimcheke mwenye nyumba wala usimhutubie. Muulize alimsikia lini, akalia vipi, msimu gani. Anajua mengi juu ya ndege huyo kuliko anavyodhani, na mazungumzo yakifika kwenye panya wanaomalizwa ghalani na bundi wakubwa, yeye mwenyewe ataanza kupima. Nimeona jambo hili likichukua miaka miwili, na ilistahili kila mwezi wake.

Wanachama, hesabu na muhuri

Mkishatembea miezi sita na nyuso zile zile zinarudi, sasa sajilini. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022 inataka watu wasiopungua kumi, katiba na viongozi, na cheti huhuishwa. Mwandikeni kwenye kalenda mtu wa kulikumbuka hilo, maana kikundi kilichopitwa na tarehe hakina mlango kwa wafadhili wala kwa serikali. Katiba iwe fupi. Jambo moja lisikosekane: ukomo wa uongozi. Mwenyekiti asiyeondoka ni maradhi ya vyama vyetu, na mara nyingi si kwa ubaya wake, ni kwa kuwa hakuna aliyeandaliwa kumpokea.

Jiunganisheni na chama cha kitaifa. Kenya hicho ni Nature Kenya, ambacho kilianza mwaka 1909 kama Chama cha Historia ya Viumbe cha Afrika Mashariki na Uganda. Kina maktaba, wanasayansi, na jina ambalo ofisi za Nairobi zinalijua. Lakini msikae mkingoja kutumwa. Chama cha kaunti kinachofanya kazi siku zile tu mradi unapokuja na posho hufa mradi unapokwisha.

Kuhusu fedha nitasema kidogo tu. Ada iwe ndogo kiasi cha mvuvi na mwalimu wa chekechea kuimudu, ilipwe kwa M-Pesa kwenye namba ya chama, kamwe si ya mtu binafsi, na mweka hazina asome salio kwa sauti kila kikao hata kama ni shilingi mia nne. Chama nilichowahi kuwamo kilivunjika kwa sababu ya nauli ya watu wanane ambayo hakuna aliyeiandika. Haikuwa fedha nyingi. Waliokosana hawasalimiani hadi leo.

Daftari

Hii ndiyo sehemu ambayo ningekuomba uisome mara mbili.

Mwaka 1900 huko Marekani, Frank Chapman alipendekeza kwamba badala ya mashindano ya kuwinda ndege siku ya Krismasi, watu watoke kuwahesabu. Walijitokeza watu 27. Hesabu hiyo imeendelea kila mwaka tangu hapo, na leo ni miongoni mwa kumbukumbu ndefu kuliko zote za kupungua na kuongezeka kwa ndege. Wale 27 hawakuwa na chombo chochote ambacho chama chako hakina. Walichokifanya ni kuandika, na waliowafuata hawakuacha.

Hesabu inayofaa ni ile inayorudiwa mahali pale pale, kwa njia ile ile, wakati ule ule. Pwani, neno "wakati" lina maana mbili, mwezi na maji. Chukua hori ya Mida. Maji yakitoka, vitwitwi na ndege wengine wa matope hutawanyika kwenye eneo kubwa la tope na huwezi kuwamaliza. Maji yakijaa, hasa ya bamvua, tope lote hufunikwa na ndege hulazimika kubanana kwenye vipande vichache vilivyobaki. Hapo ndipo unapohesabu. Siku ya maji mafu utapata idadi nyingine kabisa na ukadhani ndege wamehama. Kwa hiyo mwite mvuvi kwenye kamati ya hesabu. Anajua kwa kutazama mwezi kile ambacho sisi tunakitafuta kwenye jedwali, na anajua kipande gani huzama mwisho.

Kila Januari barani Afrika kuna hesabu ya ndege wa majini; ingieni humo, kisha ongezeni zenu. Kwenye mlango wa mto Sabaki, kati ya Aprili na Septemba, hukusanyika makundi makubwa ya ndege wanaovuka kutoka Bukini baada ya kuzaa kule. Hesabu ya Januari peke yake ingewakosa wote. Kwa nchi kavu, tumieni utaratibu wa Ramani ya Ndege ya Kenya: nchi imegawanywa katika vyumba vya mraba vya takribani kilomita tisa kwa tisa, unatembea chumba kimoja si chini ya saa mbili, unaandika kila aina uliyoiona au kuisikia kwa mpangilio ulivyoipata, na orodha yako yaweza kuendelea hadi siku tano. Simu inatosha kutuma. Hata hivyo, pawepo daftari la karatasi. Simu huibiwa na namba za siri husahaulika.

Andikeni sifuri. Mkienda kumtafuta ndege mkamkosa, hilo ni jambo mliloliona, na ndilo litakalowahuzunisha na kuwasaidia zaidi baadaye. Andikeni saa ya kuanza na kumaliza, maji yalikuwaje, upepo, nani alihesabu, na kama mlikisia semeni mlikisia. Mtu asitiwe aibu kwa kuandika "sikumtambua". Orodha iliyojaa ndege adimu na isiyo na hata mstari mmoja wa shaka humtia wasiwasi kila msomaji makini.

Kuna mambo daftari litayajua na ulimwengu usiyajue. Mahali anapolala bundi wa Sokoke mchana, mti wenye kiota cha tai, kinamasi cha mnana: hayo hayatumwi kwenye kundi la WhatsApp. Na kupiga sauti ya ndege kwenye simu ili atoke, jambo ambalo baadhi ya waongoza watalii hulifanya kwa sababu mgeni ana haraka, liwekeeni mpaka mkali, na msimu wa kutaga lipigeni marufuku. Ndege anayeacha mayai kuja kumfukuza adui asiyekuwepo amepoteza kitu cha kweli.

Siku bikoni zinapoonekana

Utetezi wa ndege ulianza kwa kofia. Mwaka 1896 mjini Boston, Harriet Hemenway na binamu yake Minna Hall waliwaalika wanawake wenzao nyumbani, wakawaomba waache kuvaa kofia zenye manyoya ya yangeyange, ndege waliokuwa wakiuawa kwa maelfu katika msimu wa kutaga. Wakaunda chama cha jimbo la Massachusetts. Majimbo mengine yakafuata, na kufikia 1918 Marekani ilikuwa na sheria ya kitaifa ya kulinda ndege wahamao. Walianza na wale waliowajua kwa majina, na wakaanza na jimbo. Serikali kuu ilikuja baadaye.

Kwenu itaanza na bikoni za sorovea kwenye mchanga, au tingatinga, au tangazo dogo gazetini. Msikimbilie maandamano. Kimbilieni karatasi, kwa sababu karatasi ina tarehe na tarehe haingoji. Mradi mkubwa unatakiwa uwe na ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, na NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, huitangaza ili umma utoe maoni ndani ya siku zilizotajwa. Mmoja wenu awe na kazi ya kudumu ya kusoma matangazo hayo na Gazeti Rasmi la Serikali kila wiki. Kama hamjui nini kinapangwa, Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 zinawapa haki ya kuuliza ofisi ya umma kwa maandishi na kujibiwa ndani ya siku 21. Bunge la kaunti mnaweza kuliletea ombi rasmi chini ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Leseni ikishatolewa na hamkubaliani nayo, zipo siku 60 za kukata rufaa kwenye Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira inayosikiliza rufaa hizo. Na Ibara ya 70 inamruhusu mtu yeyote kwenda kortini kuitetea haki ya mazingira safi bila kuthibitisha kwamba yeye au mwingine ameshapata hasara. Ibara hiyo isomwe kwa sauti kwenye kikao, kwa Kiswahili, maana wengi wetu tumelelewa kuamini kwamba lazima kwanza uumie.

Barua ya maoni iandikwe hivi. Chukueni sura ya ripoti inayohusu viumbe, itazameni kurasa kwa kurasa. Mara nyingi mtakuta mtaalamu alifika siku mbili za Agosti akaandika kwamba eneo halina ndege wa umuhimu. Msimtukane. Andikeni kwamba ukurasa fulani unasema hivi, na chama chenu kimehesabu mahali hapo kila Januari kwa miaka sita, maji yakiwa ya bamvua, na hizi hapa hesabu, na haya majina ya waliohesabu. Ombeni jambo moja mahususi: uchunguzi urudiwe msimu wa wahamaji, au njia ya umeme isogezwe, au leseni isitolewe. Barua ya kurasa mbili yenye jedwali hufika mbali kuliko kurasa kumi za uchungu. Ndiyo maana nilisema daftari kabla ya barua. Tingatinga likishafika, umechelewa kuanza kuhesabu.

Karibu mwaka 2010 Dakatcha, makazi ya yule mnana, ilitakiwa kutoa hekta 50,000 zipandwe mibono ya mafuta ya kuuzwa nje. Waliopinga hawakusimama na ndege peke yake. Wenyeji walizungumzia mashamba na makaburi ya wazee wao, na mashirika ya uhifadhi yakaagiza utafiti uliotoka 2011 ukionyesha kwamba mafuta yale, ukihesabu msitu utakaofyekwa, yangeweza kutoa kaboni hadi mara sita ya mafuta ya kawaida. Yaani walimjibu mwenye mradi kwa hoja yake mwenyewe, kwamba anaokoa mazingira. NEMA ilikataa. Ningependa kila katibu wa chama aikariri kesi hiyo. Ndege awe ndani ya hoja, asifichwe kana kwamba tunamwonea haya, lakini akae karibu na maji, kuni, samaki na kaburi la babu, kwa sababu ndipo anapoishi kweli.

Ziwa Natron lilifundisha jambo jingine. Mwaka 2006 ulikuja mpango wa kiwanda cha magadi kwenye ziwa hilo la Tanzania, mahali pekee ambapo heroe wadogo wa Afrika Mashariki hutaga mara kwa mara. Watu wa nchi nyingi walipaza sauti, wakiwemo Wakenya, kwa kuwa heroe wa Nakuru na Bogoria huzaliwa kule. Mwaka 2008 kampuni ikajitoa, na watu wakapumua. Baadaye wazo lile likarudi tena. Kwa hiyo faili la ushindi lisitupwe: barua zote, majibu yote, na majina ya maofisa waliosikiliza, viwekwe pamoja mahali pakavu.

Jihadharini na mwanasiasa anayependa ndege miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Mkaribisheni matembezini kama mgeni yeyote, apewe darubini, asipewe jukwaa.

Wenye njaa pembezoni mwa msitu

Mtu anayechoma makaa kwa sababu karo imefika hatasikiliza hesabu yenu ya Januari, na hana kosa. Gede kuna mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993, ambapo wakulima waliopakana na Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo na kuuza pupa wao nje. Mida kuna njia ya mbao juu ya mikoko, na kiingilio cha wageni kimesaidia kulipia karo watoto wa sekondari wa vijiji vya jirani. Hayo ni mazuri, yaigeni panapowezekana, ila msiahidi. Mwaka 2020 watalii walikatika kwa miezi na kila aliyeambiwa "ndege ni pesa" aliona pesa ikikoma huku ndege wakiwepo. Semeni kweli: faida ni ndogo, inakuja polepole, na sababu nyingine za kuutunza msitu zipo.

Neno moja juu ya kunguru wa Bara Hindi, maana mtaulizwa. Aliletwa Zanzibar miaka ya 1890, akasambaa pwani nzima, na hula mayai na makinda ya ndege wetu. Kuunga mkono kupunguzwa kwake kutawaumiza baadhi ya wanachama. Wasikilizeni, kisha chama kiwe na msimamo ulioandikwa, na sumu yoyote iachiwe wenye idhini na ujuzi. Nchi hii imeshapoteza tai wengi kwa nyama iliyotiwa dawa ya shambani na mtu aliyedhani anaua fisi.

Kila Desemba nakilini daftari la mwaka. Nakala moja iende kwa chama cha kitaifa, moja kwenye maktaba ya shule iliyo karibu na mahali mnapohesabu. Na mapema, mwaka wa tatu au wa nne, mpeni kijana mmoja daftari lenyewe. Aende Sabaki maji yakiwa yanajaa, na mzee mmoja tu wa kumsindikiza, ahesabu yeye, akosee, arudie. Mzee anyamaze mpaka aulizwe.